Dada Yangu Hataki

Soda ilikuwa imeshafunguliwa kabla Mama Mapazia hajashuka kwenye kiti alichokuwa amepanda kupima dirisha. Mwenye nyumba aliimimina kwenye glasi, akasubiri povu litulie, akaiweka kwenye meza ndogo na kusema, "Kunywa kwanza, dada. Kazi haikimbii."

Fundi alishuka, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Alijua kwamba ana kisukari. Alijua kwamba asubuhi hiyo hiyo, katika nyumba ya kwanza, alikuwa amekunywa chai yenye sukari ambayo hakuitia yeye, na katika nyumba ya pili ametafuna keki kwa sababu binti wa pale ndiye aliyeioka na alisimama mlangoni akimtazama mdomo. Aliitazama glasi, akamtazama mwenye nyumba.

"Ulijuaje nina kiu?" akasema. Akainywa yote, maana kwake kubakisha ni sawa na kusema haikuwa tamu.

Kushona mapazia si kama kushona nguo. Nguo, mteja huipeleka kwa fundi. Dirisha haliwezi kumfuata mtu. Kwa hiyo fundi wa mapazia hutembea. Huenda kupima, hurudi kutundika, kisha hurudi tena, na safari hiyo ya mwisho ndiyo inayomtenga fundi na mlipua kazi. Mama Mapazia hashoni upindo wa chini siku ya kutundika. Huushikiza kwa pini na kuliacha pazia lining'inie siku kadhaa katika chumba litakamokaa, kwa sababu kitambaa kizito hushuka. "Kitambaa siku ya kwanza ni mgeni," huwaambia wateja wenye haraka. "Kinakaa kwa adabu. Kiache kizoee, ndipo utaujua urefu wake." Kikishazoea, huja na sindano, hupiga magoti sakafuni na kuushona upindo palepale, na mapazia yake hayajawahi kuburuta sakafu wala kuning'inia juu kama suruali iliyokunjwa kuvukia maji.

Safari tatu kwa kila nyumba. Na hakuna nyumba yenye heshima inayomwacha fundi aondoke mkavu.

Hakuna anayemfahamu ambaye amewahi kumsikia akikataa kitu. Nyumbani ana miavuli mingi kuliko watu wa kuishika, yote ameuziwa na wachuuzi waliomwapia kwamba yeye ndiye mteja wao wa kwanza siku hiyo. Benki aliwahi kumpisha mama mwenye mtoto, kisha mzee mwenye mkongojo, kisha mtu aliyesema tu kwamba ana haraka, mpaka mlinzi akaja kufunga mlango akamkuta bado yuko palepale, akitabasamu. Si mjinga. Hesabu ya vitambaa huifanya kichwani, na muuza vitambaa anayempunja hujuta. Tatizo lake ni nyuso. Uso wa mtu aliyekataliwa humuuma yeye kabla haujamuuma mwenyewe.

Dada yake ni mlinzi wa getini katika kiwanda cha magodoro, na wafanyakazi wa pale humwita Komeo. Jina alilipata siku alipomrudisha meneja nyumbani kufuata kitambulisho alichokisahau. Meneja alisema, "Wewe mama, hunijui?" Komeo akajibu, "Nakujua sana, shikamoo. Kitambulisho kiko wapi?" Majirani husema mama yao aligawa vibaya: mtoto mmoja akapewa ndiyo zote, mwingine hapana zote.

Wawili hao wanaishi katika nyumba waliyoachiwa na wazazi. Mdogo ni mjane, na chumba cha mbele amekifanya karakana. Mkubwa hakuolewa, na akiulizwa sababu husema hakuona haja ya kulinda mageti mawili. Komeo anakaribia kustaafu na hajui dawa yoyote isipokuwa ile ya kichwa. Mtu angedhani ni mtu anayeitunza afya yake. Hapana. Hajasoma chochote kuhusu vyakula, na daktari humwona pale tu anapopita getini kwake. Anakula anapohisi njaa, na akishiba hakuna nguvu ya dunia itakayomwongeza kijiko. Analala saa ile ile kila siku hata kama kuna wageni sebuleni, huwaambia tu, "Nyie endeleeni, mimi nimefunga." Siha yake yote imejengwa juu ya ukorofi. Na ugonjwa wa mdogo wake, ukiutazama vizuri, umejengwa juu ya wema.

Wema huo aliupeleka mpaka kliniki.

Kliniki ya kisukari ilikuwa mara moja kwa mwezi, na muuguzi aliyeiendesha alikuwa dada kijana mwenye sauti ya upole na macho yanayochoka mapema. Mama Mapazia alimpenda tangu siku ya kwanza. Siku chache kabla ya kila kliniki, alikuwa akibadilika kabisa: mboga za majani, maji, hakuna kazi za kwenda kwa watu, kutembea kuzunguka mtaa asubuhi. Alijisafisha kama mtu anavyosafisha sebule mgeni akisema yuko njiani. Kisha aliingia kwenye foleni bila kula, akatoa kidole, kikachomwa, na mashine ikaonyesha namba nzuri.

"Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa kama wewe, mama," muuguzi alimwambia.

Maneno hayo alitembea nayo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Mwezi uliofuata hakuweza kuyavunja. Akajinyima tena, akasifiwa tena. Alifika hatua ya kushona pazia la kijani la kuzungushia kitanda cha kupimia wagonjwa, akalitundika bila malipo, na kurudi baada ya siku kadhaa kushona upindo. Dawa zikabaki vilevile, kwa kuwa namba zilikuwa nzuri. Kliniki ikiisha, soda zikarudi.

Miguu yake ilianza kufa ganzi taratibu, kwanza vidole, kisha nyayo. Hakumwambia muuguzi. Alisema baadaye kwamba aliona ni kumharibia siku.

Jumapili moja mchana, Komeo alikuwa akikusanya nguo za kufua. Hii ni kazi aliyojitwalia mwenyewe, kwa kuwa anaamini hakuna mwingine anayejua kusuuza. Akaokota soksi ya mdogo wake, akakuta imekakamaa upande wa vidole, imeganda rangi ya kahawia. Akaenda mlangoni, akaziinua ndala moja moja na kuzigeuza. Katika ndala ya kulia, pini ya kushonea ilikuwa imezama mpaka kichwa, ncha ikichungulia juu, pale vidole vinapokaa.

Mama Mapazia alikuwa kwenye cherehani.

"Hii pini umetembea nayo tangu lini?"

"Pini gani, dada?"

"Nionyeshe mguu."

"Aa, ni kidonda kidogo tu. Kinapoa."

"Sikuuliza habari zake. Lete mguu."

Kidole kilichofuata kile kikubwa kilikuwa kimevimba na kuwa cheusi, na harufu yake Komeo aliisikia kabla hajainama vizuri. Pini ilikuwa ikichoma kila hatua na mwenye mguu hakuisikia. Komeo, ambaye hajawahi kumkimbilia mtu yeyote, alitoka nje kutafuta gari akiwa amevaa kiatu kimoja cha kazini na kimoja cha kanisani.

Hospitalini, daktari hakuzungusha maneno. Kidole kingetolewa siku iliyofuata. Mguu ulikuwa bado na nafasi, lakini nafasi hiyo ilitegemea sukari. "Sukari ikishuka na kukaa chini, kidonda kitafunga," alisema. "Isiposhuka, nyama haitashika, na tutalazimika kukata juu zaidi."

"Juu mpaka wapi?" Komeo akauliza.

Daktari akagusa kifundo cha mguu wake mwenyewe.

Mama Mapazia, kitandani, alikuwa akiutazama mguu huo kama mtu anayetazama mtoto wa jirani aliyefanya kosa. "Huu ndio mguu wa kukanyagia cherehani," akasema. "Na ndio ninaotangulizia nikipanda kiti." Kisha, kwa kuwa aliona uso wa daktari umeingia simanzi, akaongeza haraka, "Lakini usijali, daktari."

Muuguzi wa kliniki alikuja wodini siku mbili baada ya kidole kutolewa. Alikuja na karatasi ya majibu, kwa sababu safari hii walikuwa wamechukua damu kwa kipimo kingine. Akavuta kiti.

"Mama, ile damu ya kidoleni inaniambia ulikula nini jana. Hii inaniambia umeishi vipi miezi mitatu." Akamwonyesha. Hata bila kuisoma, Mama Mapazia aliona usoni mwa kijana yule kwamba namba ilikuwa mbaya.

Kisha akasema, "Kama pazia."

"Pazia?"

"Siku ya kwanza linakaa kwa adabu. Ukitaka urefu wake wa kweli, uliache lining'inie."

Muuguzi aliifikiria kauli hiyo. "Basi mimi nilikuwa nashona upindo mapema," akasema. "Dozi niliyokuwa nakupa ilikuwa ya mtu mwingine, yule wa siku tatu za mboga. Kwa nini ulinidanganya?"

"Sikukudanganya, sista. Nilitaka ufurahi."

Muuguzi alicheka, lakini macho yalikuwa yamelowa, na ilibidi ajifanye anatafuta kalamu. Alipotulia akasema kwamba kazi hii imemfundisha kuwasoma watu kuliko mashine. Ana mgonjwa mwenye hofu anayejipima kutwa mpaka vidole vimeota sugu, na hofu hiyo hiyo ndiyo inayompandishia sukari. Ana bwana mchangamfu, anayependwa na baa nzima, anayesema ugonjwa hauwezi kumkuta mtu anayecheka. Ana mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa ratiba, anayemeza vidonge kwa saa ya ukutani na kumkaripia yeye muuguzi akichelewa kufungua mlango. Huyo ndiye anayeendelea vizuri kuliko wote, na hakuna anayetamani kuwa naye kwenye foleni.

"Wewe sasa, sijui nikuweke fungu gani," akasema. "Watiifu ndio wagonjwa tunaowapenda. Lakini wewe unanitii mimi nikiwa mbele yako, kisha unaenda kumtii na anayekumiminia soda. Huna ubishi hata chembe. Na ugonjwa huu, mama, unataka ubishi kidogo."

Komeo alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, mikono kifuani, kama yuko kazini. "Ubishi nyumbani upo," akasema. "Umejaa tele. Shida ni kwamba wote uko kwangu."

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mguu ukiwa umefungwa bandeji nene, dada yake alianza kumfundisha kukataa. Alifanya hivyo kama alivyofundisha walinzi wapya: kwa vitendo. Akachukua glasi ya maji, akaingia nayo karakana, akasimama mbele ya cherehani.

"Mimi ni mteja. Hii ni soda. Shika, kunywa."

"Dada, hakuna anayemkaribisha mtu kama anamkamata."

"Haya." Komeo akalainisha sauti, jambo lililomchukua muda. "Karibu soda, dada yangu."

"Asante, hapana."

"Vizuri!"

"Labda kidogo."

"Wewe!"

"Si umeniambia dada yangu? Sauti yako imenihurumisha."

Wakarudia. Safari ya pili alisema hapana, kisha akaomba radhi kwa muda mrefu hivi kwamba Komeo mwenyewe akaona afadhali angekunywa. Safari nyingine alikataa vizuri kabisa, akaipokea glasi, akainywa huku akiendelea kukataa. Komeo alikaa juu ya robota la kitambaa, akavua kofia ya kazi, akaikung'uta gotini.

"Mdogo wangu, unajua watakukata mguu?"

"Najua."

"Unajua lakini huogopi?"

"Naogopa sana." Alikuwa akivingirisha utepe wa kupimia, akiukunjua, akiuvingirisha tena. "Naogopa nikiwa hapa. Nikiwa kule, mtu ameshika glasi ananitazama, huo woga siuoni. Namwona yeye."

Jibu la Komeo lilitoka katika kazi yake, na alilitoa kwa kusitasita kidogo, kama mtu anayefungua sanduku ambalo hakukusudia kulionyesha.

"Unadhani mimi pale getini nakataa watu?"

"Si ndiyo kazi yako?"

"Mimi sijawahi kumkataa mtu. Jaribu siku moja kusimama mbele ya mtu mzima na kumwambia mimi nimekukatalia. Atakuchukia, na wewe hutalala. Mimi nasema bosi hajaruhusu. Nasema utaratibu hautaki. Mtu anamkasirikia bosi, bosi yuko ghorofani hajui lolote, mimi na mtu wangu tunasikitika pamoja. Siku nyingine hata kiti nampa."

"Na yule meneja?"

"Yule nilimwambia mkurugenzi anatutazama dirishani."

"Alikuwa anatazama?"

"Mkurugenzi hata siku hiyo hakuwepo."

Mama Mapazia alimtazama dada yake kwa mshangao wa mtu aliyeishi na mwingine maisha yote na leo ndiyo kwanza anaona kwamba ana mlango wa nyuma.

"Sasa mimi bosi sina," akasema.

"Unaye. Nisingizie mimi."

Nyumba ya kwanza aliyorudi kufanya kazi ilikuwa ileile ya soda. Mapazia yalikuwa bado yameshikizwa kwa pini, yakimngoja, yakiwa yameshuka kadiri kitambaa kilivyotaka. Alienda akiwa na viatu vya kufunika, vipana, alivyoagizwa na hospitali, na aliambiwa asipande kiti, kwa hiyo alishukuru kwamba upindo uko chini. Kidonda kilikuwa hakijafunga. Daktari alikuwa amekiangalia wiki ile na kusema neno moja tu, "Tusubiri," na neno hilo lilikuwa limekaa kifuani mwake tangu siku hiyo.

Mwenye nyumba alimpokea kwa vigelegele, akampa pole, akamkalisha, akaenda jikoni na kurudi na jagi la juisi ya matunda, lenye barafu, na glasi mbili.

"Hii nimekutengenezea mwenyewe. Mgonjwa anataka nguvu."

Mama Mapazia aliutazama uso ule, mnyofu, wenye jasho la jikoni. Ulimi ulikuwa tayari umeshaanza kusema asante.

"Dada yangu hataki," akasema.

"Nani?"

"Dada yangu. Hataki ninywe kitu kitamu."

"Kwani yuko wapi huyo dada yako?"

"Getini."

Mwenye nyumba alichungulia dirishani. "Mbona sioni mtu?"

"Geti la kiwandani. Lakini atajua."

"Atajuaje?"

Hapo Mama Mapazia alijikuta amefika mahali ambapo dada yake hakumfundisha, ikabidi atunge. "Ananusa," akasema.

"Ananusa!"

"Nikiingia tu, ananinusa mdomo kama nimetoka baa. Mwezi uliopita alinusa biskuti."

Mwenye nyumba aliliweka jagi mezani na kukaa. Uso wake haukuwa umeumia hata kidogo. Ulikuwa umejaa huruma, na zaidi ya huruma, hamu. "Pole, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Kumbe unaishi na mtu wa namna hiyo. Mimi nina wifi yangu, hebu ngoja nikusimulie." Akamletea maji. Mama Mapazia alishona upindo wote akisimuliwa habari za wifi, na alipotoka alikuwa hajaonja kitu kitamu na hakuna aliyenuna.

Ndipo ilipoonekana kwamba mwanamke huyu, ambaye hakuweza kujitetea kwa ajili ya mguu wake mwenyewe, alikuwa na kipaji cha kumsingizia mtu. Nyumba hadi nyumba, dada wa getini akakua. Katika nyumba moja alinusa, katika nyingine aliamuru macho yafumbuliwe ayachungulie. Kwa mke wa fundi saa alikuwa amewahi kumwaga kopo zima la sukari barabarani. Wateja waliacha kumbembeleza anywe; walianza kumficha. "Leta maji haraka," walisema, "asije yule mwanamke akamuua mwenzetu."

Sifa hizo zilifika kiwandani, kama sifa zifanyavyo. Mama mmoja aliyekuja kununua godoro alimsikia mlinzi akiitwa Komeo, akamtazama juu hadi chini, akasema, "Kumbe ndiyo wewe." Akafungua mkoba mwenyewe kabla hajaambiwa, ukaguliwe.

Jioni hiyo Komeo alimuuliza mdogo wake, "Umewaambia watu nini kuhusu mimi?"

"Nimetia chumvi kidogo."

"Yule mama alidhani nitamng'ata."

"Umekasirika?"

Komeo alikuwa akimfungua bandeji, kazi nyingine aliyojitwalia. Aliuinua mguu kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza huku na huku kwa mikono ileile inayokagua mikoba. "Waambie pia kwamba sipendi wanaochelewa," akasema.

Isidhaniwe kwamba njia ilinyooka. Kuna mteja mmoja wa siku nyingi, mwanamke mzee, aliyefiwa na mume. Mama Mapazia alikwenda kumpa pole. Mjane alitia sukari kwenye chai kwa kiasi alichokuwa akimtilia marehemu, akamsogezea. Fundi aliinywa. Alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja kukiri, akiwa tayari kwa lolote, na Komeo akasikiliza mpaka mwisho.

"Hapo hata mimi ningekunywa," akasema, na hakuliongelea tena.

Kliniki nayo ilibadilika. Muuguzi alimkataza kujiandaa. "Njoo kama ulivyo," alimwambia, "uje na uchafu wako." Mara ya kwanza alikuja na namba mbaya, akalia kwenye foleni kwa aibu, dozi ikapandishwa. Mara ya pili namba ikawa mbaya kidogo. Kidonda kiliendelea kukaa wazi, chekundu, hakipoi wala hakiozi, kwa wiki ambazo Komeo alizipitisha bila kumsema mtu yeyote getini, mpaka wafanyakazi wakaulizana kama anaumwa. Kisha kingo zikaanza kusogeleana. Daktari alikitazama, akakibonyeza pembeni, akasema safari hii maneno mengi zaidi: nyama imeshika, mguu unabaki. Kipimo cha miezi mitatu kilipokuja kikasema vilevile kwa namba. Mama Mapazia alimtazama muuguzi usoni kwa mazoea, kuona kama amefurahi. Alikuwa amefurahi. Lakini safari hii alikuwa ametazama karatasi kwanza.

Komeo alistaafu mwaka huo huo. Kiwanda kilimfanyia sherehe ndogo kwenye ukumbi wa chakula, viti vya plastiki, vipaza sauti vinavyokoroma, na keki kubwa yenye umbo la geti. Meneja yuleyule wa kitambulisho alitoa hotuba, akasema kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna godoro lililotoka bila karatasi wala bosi aliyeingia bila adabu, na watu wakapiga meza. Komeo alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo. Alisimama kujibu, akasema "Mimi," akasema tena "Mimi," na watu waliokuwa wakimwogopa tangu ajira yao ya kwanza wakamwona analia.

Alipokata keki, kipande cha kwanza hakumpa meneja. Alivuka ukumbi nacho kwenye sahani ya karatasi, machozi yakiwa hayajakauka, mpaka alipoketi mdogo wake, mwenye viatu vipana, mwenye mguu wote isipokuwa kidole kimoja.

"Chukua," akasema. "Leo ni leo. Kula kwa ajili yangu."

Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama. Mama Mapazia aliutazama uso ule. Hakuwahi kuuona ukiomba kitu; ulikuwa laini, umelowa, na ulikuwa umesahau kila kitu isipokuwa furaha ya kumpa mtu kipande cha keki. Ulikuwa uso mgumu kuukataa kuliko nyuso zote alizowahi kukutana nazo madirishani mwa watu. Mkono wake uliinuka mpaka ukingo wa sahani, ukakaa hapo.

Kisha ukairudisha sahani, taratibu.

"Siwezi," akasema. "Dada yangu hataki."

Walio karibu walicheka kwanza, kisha wa nyuma wakaambiwa, wakacheka na wao. Komeo alisimama na sahani yake, akatazama kushoto na kulia kama anayemtafuta huyo dada amkaripie. Akavuta kiti, akaketi ubavuni mwa mdogo wake, akaanza kuila ile keki mwenyewe, kwa kijiko, huku akipenga kamasi.

"Mkali kweli," akasema mdomo ukiwa umejaa.

"Sana," mdogo wake akasema. "Na ananusa."